Firigisi ya Ijumaa

Nilipokuwa na umri wa miaka sita, kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri nilikuwa mwanamume wa nyumba yetu kwa muda wa kutafuna firigisi moja ya kuku. Kwa mtu mzima ni muda mfupi. Kwangu mimi ulikuwa mrefu kuliko juma zima.

Niwataje watu kwanza. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza, katika shule ya serikali ya wakati wa Mwingereza, alikuwa akitupiga rula ya vidole tukisimulia jambo bila kutaja majina, na tabia hiyo imenikaa hadi leo. Nyumba yetu ilikuwa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho watu wawili wenye vikapu hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Mwenye amri humo alikuwa nyanya yangu mzaa baba, Bi Mishi binti Kombo. Mama yangu alikuwa Zuhura binti Athman. Dada yangu, Mwanaidi, alikuwa na miaka kumi. Mimi ni Swaleh bin Ali. Baba yangu, Ali bin Swaleh, alikuwa karani wa ghala huko Shimanzi, akiandika magunia ya kahawa yanayoingia na yanayotoka. Mwaka ninaousimulia hakuwako nyumbani. Alikuwa amelazwa katika hospitali ya kifua nje ya kisiwa, ng'ambo ya Makupa, na watoto hawakuruhusiwa kumkaribia.

Kwetu, kama kwa majirani wengi wa siku zile, wanaume na wanawake hawakula pamoja. Baba alikuwa akitandikiwa mkeka ukumbini, akaletewa sinia lake limefunikwa kawa. Nyanya, Mama na Mwanaidi walikula uani, karibu na jiko, baada ya sinia la baba kurudi, na kilichosalia humo kilikuwa chao pia. Mtoto wa kiume mdogo alikuwa bado hajahesabiwa upande wowote, kwa hiyo mimi nilikula na wanawake. Nasema kweli kwamba sijapata tena katika maisha yangu meza iliyonifurahisha kuliko ule uani. Wanawake walikula polepole, wakisengenya, wakichekana, na mkono wangu ulipita katika sahani zote tatu bila mtu kuuliza.

Sababu kubwa ya furaha yangu ilikuwa ukoko. Wali wa nazi wa Bi Mishi ulipaliwa makaa juu ya kifuniko, nao ukakaa juu ya moto mdogo mpaka chini ya chungu kukafanyika gamba la rangi ya mkate uliochomwa, lililonona tui. Mama alilibandua kwa mwiko, na sauti ya kule kubandua ilinitoa hata mwisho wa kichochoro. Ukoko ulikuwa wa wanawake. Haukuwekwa kamwe katika sinia la mwanamume. Mimi nilipewa kwa sababu ya udogo wangu tu, na Nyanya hakuacha kunionya.

"Kula, kula," alikuwa akisema. "Mwanamume alaye ukoko hunyeshewa siku ya harusi yake. Utaingia kwa bibi harusi umeloa kama paka wa sokoni."

Leo, kwa kuwa nimeona watu wengi wakioa katika mvua na wakaishi vizuri, naweza kutabasamu. Wakati ule nilitabasamu kwa sababu nyingine: harusi ilikuwa mbali, na ukoko ulikuwa hapa.

Baba alipopelekwa hospitali, mambo yalibadilika kwa siku moja. Nyanya aliweka nadhiri kwamba kila Ijumaa, hadi mwanawe arudi, atachinjisha kuku mmoja katika wale aliowafuga uani, na mapaja yote mawili yapelekwe chuoni, tulikosoma Kurani, ili maalimu na wanafunzi wake wamwombee Ali dua. Kuku aliyesalia alipikwa kwa chakula chetu cha mchana. Ijumaa ya kwanza nilipotoka msikitini na jirani yetu, nikakimbilia uani kama kawaida, Nyanya alinisimamisha mlangoni.

"Wapi?"

"Kula, Nyanya."

"Mahali pako ni kule." Akaonyesha ukumbini. Mkeka wa baba ulikuwa umetandikwa, na juu yake kulikuwa na sahani, si sinia, imefunikwa kawa.

"Nile peke yangu?"

"Baba yako alikuwa akila na nani?"

Nikaketi. Nilipofunua kawa niliona wali, mchuzi, na juu ya wali, katikati kabisa kama muhuri, firigisi. Nyanya alichutama mbele yangu akanieleza, kwa sauti ambayo hakuitumia na watoto.

"Sikiliza, Swaleh. Firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Mwenyewe akiwa safarini au kitandani, huliwa na mwanawe, ili ijulikane nyumba ina mtu. Ikiliwa na mwanamke, nyumba imejitangaza yenyewe kwamba haina mume. Na nyumba ikisema hivyo, mume harudi. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri mno. Nikaitia firigisi kinywani, nikatafuna. Ilirudi kila nilipoiuma. Ladha yake ilikuwa kama ya kitu kilichokaa karibu na nyama lakini chenyewe si nyama. Toka uani nilisikia mwiko ukikwangua chungu, na kicheko cha Mama, ambacho siku hizo kilikuwa kimeadimika. Niliimeza nzima nzima kwa maji.

Wataalamu wa siku hizi, naambiwa, husema kwamba ulimi wa mtoto mdogo hukimbia kitu kigumu na kichungu, na kwamba hubadilika kadiri anavyokua. Huenda. Mimi nilijua tu kwamba nimepewa cheo, na kwamba cheo hicho hakitafuniki.

Ijumaa iliyofuata, Mwanaidi aliniletea birika na bakuli la kunawa kabla sijamaliza. Hiyo ilikuwa kazi yake: kumnawisha mwanamume wa nyumba. Akaona firigisi iko palepale katikati ya sahani, nimekula wali wote pembeni yake.

"Mbona huli?"

"Ngumu."

"Ndio utamu wake huo. Inapigana nawe."

"Basi kula wewe."

Alitazama mlango wa uani, kisha akanitazama mimi. Mwanaidi alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho makubwa, ambaye hakupenda vitu vitamu hata kidogo. Kaimati zake alizigawa siku za Idi. Alipenda mifupa, kano, ngozi ya shingo ya kuku, kila kilichotaka meno.

"Wataka nini?" akaniuliza.

"Ukoko."

"Lo! Utanyeshewa wewe harusini."

"Sioi."

"Kila mtu huoa, mjinga we."

"Basi na ninyeshewe."

Akacheka hadi akamwaga maji. Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaitia kinywani, akaenda zake na bakuli, taya zikifanya kazi chini ya mtandio. Baada ya kitambo alirudi kuchukua sahani, na katika pindo la leso yake mlikuwa na kipande cha ukoko kikubwa kama kiganja changu, bado kina joto. Nilikila nimegeukia ukuta.

Ndivyo tulivyofanya Ijumaa ile, na iliyofuata, na nyingine baada yake. Sikumbuki kuogopa. Mtoto akishapata anachokipenda, maonyo huwa kama kelele za mtaa wa pili. Nadhani pia nilikuwa nimejipatia hoja: firigisi ilikuwa imewekwa katika sahani yangu, na sahani ilikuwa imerudi tupu, kwa hiyo mwenye kuitazama nyumba yetu kutoka nje angeona mwanamume amekula.

Kisha ikaja Jumapili moja. Nyanya na Mama walikuwa wakienda hospitali kila Jumapili, na walirudi saa za alasiri wakiwa wamechoka lakini na habari za kutusimulia: Ali amecheka, Ali amewaulizia, Ali amesema Swaleh ajifunze juzuu yake vizuri. Siku hiyo hawakusimulia kitu. Mama alipita moja kwa moja hadi chumbani bila kuvua buibui lake. Nyanya aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akavishika mkononi muda mrefu.

"Baba hajambo?" Mwanaidi akauliza.

"Anatapika damu," Nyanya akasema. "Na chakula amekikataa. Mwombeeni baba yenu."

Nilimtazama Mwanaidi, naye akanitazama. Niliona mkono wake ukipanda polepole hadi mdomoni, ukaufunika.

Juma hilo lote niliishi na jambo moja: baba yangu anakufa, na tunaomuua ni sisi. Chuoni sikuweza kusoma. Nilipita kando ya kuta nikijihesabia Ijumaa ngapi nyumba yetu imejitangaza haina mume. Nikaazimia kwamba Ijumaa ijayo nitaila mwenyewe, yote, kwa kutafuna, jinsi mwanamume anavyopaswa, na huenda jambo likarekebika.

Ijumaa ikafika. Mwanaidi alipoleta birika hakuitazama sahani. Nikasema "Leo naila mimi," naye akaitikia kwa kichwa. Nikaitia kinywani, nikatafuna, nikatafuna, machozi yakinitoka, na nilipojaribu kuimeza koo likakataa. Nikatapika juu ya mkeka wa baba.

Nyanya alikuja mbio. Aliniinua, akanipangusa uso kwa leso yake, akaniambia si kitu, si kitu, mtoto ana homa huyu. Huruma yake ndiyo iliyonivunja. Laiti angenikaripia, labda ningenyamaza.

"Nyanya, si mimi," nikasema huku nikilia. "Firigisi sizili mimi. Anayezila ni Mwanaidi."

"Mwanaidi gani?"

Na mimi, mwanafunzi bora wa mwalimu wangu, nikalitaja jina kamili. "Mwanaidi binti Ali. Kila Ijumaa."

Sikusema neno juu ya ukoko.

Nyanya hakumpiga. Alisimama mlangoni mwa uani, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amechutama karibu na chungu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Umewaambia walimwengu kwamba mwanangu hayupo." Mama alikuwa akipepeta mchele wa kesho. Niliona tu ungo umesimama mikononi mwake.

Siku mbili Nyanya hakumwita Mwanaidi kwa jina. Alisema "huyo," au alinituma mimi nimwambie. Mwanaidi hakunishtaki. Alifanya kazi zake, akala kidogo, na usiku aligeukia ukuta. Jumapili asubuhi Nyanya akatamka kwamba watoto tutakwenda wote hospitali. Mama akasema watoto hawaingii.

"Hawataingia. Watasimama nje ya waya. Huyu lazima aombe radhi kwa baba yake kwa kinywa chake mwenyewe. Asipopata radhi, mimi sina dawa nyingine."

Tulikwenda kwa basi, tukashuka ng'ambo ya Makupa, tukatembea katika barabara ya vumbi jekundu. Hospitali ilikuwa na majengo marefu, meupe, yenye baraza, na mbele yake uwanja uliozungushiwa waya. Wagonjwa waliletwa barazani kupata hewa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, blanketi la kijivu magotini. Nilimtambua kwa kofia yake. Mwenyewe alikuwa amepungua kiasi kwamba masikio yake yalionekana makubwa. Alipotuona aliinuka, muuguzi akamzuia, baba akasema naye kidogo kwa adabu, kisha akaja hatua kwa hatua hadi karibu na waya, akasimama mbali kama urefu wa chumba.

"Mmeniletea wageni," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nimekuletea mkosaji," Nyanya akasema, na hapo, mbele ya wagonjwa wengine na jamaa zao, akaeleza kesi yote kuanzia mwanzo: nadhiri, kuku, mkeka, sahani, firigisi, Mwanaidi. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilidhani anasikitika. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Ali! Wacheka?"

"Nisamehe, Mama. Mara ya mwisho mimi kula firigisi nilikuwa sijaoa."

"Usinifanyie mzaha mbele ya watoto."

"Wallahi si mzaha. Tangu utoto inanishinda. Ni kama kutafuna mpira wa baiskeli. Nilikuwa naila kwa sababu wanitazama. Nilipooa, nikatandikiwa mkeka peke yangu, namshukuru Mungu, hukunitazama tena."

"Na sinia lilikuwa likirudi bila kitu!"

"Likirudi na wali kidogo pembeni. Chini ya ule wali..." Hakumaliza. Alikuwa akimtazama Mama.

Sote tukageuka. Mama alikuwa amelivuta buibui hadi likabaki jicho moja.

"Zuhura," Nyanya akasema.

"Labeka, mama."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Miaka yote?"

"Ilikuwa inanifikia imekwisha poa, mama," Mama akasema kutoka ndani ya buibui. "Na firigisi ikipoa haina raha."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani, tusiyemjua wala asiyetujua, alipiga paja lake akacheka. Baba alicheka pia. Nyanya alisimama akimtazama huyu na yule, yeye mwenyewe aliyekuwa amepeleka firigisi ukumbini miaka mingi kwa heshima zote, na sasa anagundua ilikuwa ikizunguka na kurudi uani kwa mlango uleule. Lakini Bi Mishi binti Kombo hakuwa mtu wa kushindwa hadharani.

"Basi ndiyo sababu umelazwa hapa!" akasema.

Baba akacheka zaidi, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha. Muuguzi akaanza kuja. Baba alimwinulia mkono angoje, akapangusa mdomo kwa leso, akaikunja haraka ili tusione.

"Mwanaidi," akasema. "Njoo karibu na waya. Swaleh alikupa, au ulichukua?"

Nilijua swali litakalofuata: kama alikupa, ulimpa nini wewe? Na mambo ya ukoko yangetoka yote, na ingejulikana kwamba mwanamume wa nyumba aliuza cheo chake kwa makoko ya chungu, kisha akamtaja dada yake peke yake. Nikainamisha kichwa.

"Nilimnyang'anya," Mwanaidi akasema.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Nilikuwa nalia kwa sauti, nimeshika waya kwa mikono miwili, na Mama alinivuta tukaanza kurudi barabarani. Nakumbuka kofia ya baba, nyeupe, ikienda mbali barazani, na muuguzi ubavuni mwake.

Hatukumwona tena. Alifariki kabla ya mwezi mtukufu kuingia, na jeneza lake lilipita katika kichochoro chetu likiwa limeinuliwa juu ya vichwa, kwa sababu ya wembamba wake.

Wakati Mama akikaa eda, ndani ya chumba, katika nguo nyeupe, nilimchunga sana Nyanya. Nilikuwa nangoja aseme. Alikuwa na maneno yake mwenyewe tayari, aliyoyatamka mbele ya watu pale kwenye waya kwa mzaha, na sasa mzaha ule ulikuwa umepata maiti. Angeweza kumtupia mkwewe, na wapo wanawake wa mtaa ambao wangeitikia. Hakusema. Wala hakuwahi kulitaja neno hilo tena hadi alipozikwa yeye mwenyewe. Nilichoona ni hiki: Ijumaa ya kwanza aliyopika kuku baada ya msiba, aliichukua firigisi, akaiweka juu ya ubao, akaikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, akavitia vyote mchuzini, akakoroga. Hakuna aliyeweza kujua ni nani aliyekula nini. Alifanya hivyo maisha yake yote, nami sikutandikiwa tena mkeka peke yangu. Tulikula sote uani, wanawake watatu na mimi, hata nilipokuwa mvulana wa kuvunja sauti na watu wakamwambia haifai.

Sasa mimi ni mzee. Naishi Tudor na mwanangu. Dada Mwanaidi amebaki katika nyumba ileile ya Kuze, mjane, meno yake yamepungua lakini ulimi haujapungua. Mwaka jana mjukuu wangu Nuru, anayesoma mambo ya lishe chuo kikuu, alinipeleka kwa dada huyo. Alikuwa amepewa kazi ya kuwauliza wazee jinsi umri na jinsia zilivyotofautisha vyakula walivyopenda watoto zamani. Alikuwa na karatasi yenye safu mbili, wavulana huku na wasichana huku. Akaanza na mimi.

"Wavulana walipenda nyama," nikamwambia. "Sehemu ngumu za nyama, hasa walipokua. Wasichana walipenda ukoko, na vitu vikali: ukwaju, embe mbichi na pilipili."

Nuru akaandika. Mwanaidi, aliyekuwa akichambua mchicha, hakuinua uso. "Mwongo mkubwa huyu," akasema. "Andika na hilo."

Nuru akacheka. Simu yake ikalia, akatoka kichochoroni kuzungumza. Tulibaki wawili, na kwa sababu katika umri wetu mtu hajui atapata nafasi nyingine lini, nikasema jambo nililolibeba tangu nikiwa na miaka sita.

"Dada, nataka radhi yako."

"Ya nini tena?"

"Siku ile pale kwenye waya. Ulimwambia baba ulininyang'anya. Ulichukua kosa langu ukalibeba, nami nikanyamaza. Sijasahau hata siku moja."

Aliacha mchicha. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Nilikubeba wewe?"

"Ndiyo."

"Swaleh, mimi sikusema vile kwa ajili yako." Alisema bila ukali. "Ukoko ningekupa hata bure. Ulikuwa mtoto, ukiulilia. Firigisi niliitaka mimi. Ningesema umenipa, baba angeona ukarimu wako. Nilitaka aone hamu yangu. Nilikuwa na miaka kumi, hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyejua napenda nini."

"Naye alisemaje?" nikauliza.

"Hukusikia? Ulikuwa ukilia kama umeumwa na nge. Aliniuliza, 'Waipenda?' Nikamwambia, 'Naipenda, baba, kuliko kitu chochote.' Akasema, 'Basi kula, mwanangu. Mimi nitapona au sitapona, lakini si kwa firigisi. Mungu hapimi watu kwa chungu.' Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu." Akaurudia mchicha wake. "Mimi sikulala na mzigo hata usiku mmoja, ndugu yangu. Nilidhani nawe ulisikia."

Nilikaa nikitazama mikono yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtunza moyoni dada aliyejitoa kwa ajili yangu, nikamheshimu kwa hilo, nikamletea zawadi kila Idi kwa hilo, na katika kisa hicho nilichokitunza kwa uangalifu mkubwa, na majina yote yakiwa sawasawa, yeye hakuwemo. Nilikuwamo mimi tu, na kosa langu. Baba, aliyekuwa amebakiwa na pumzi chache, alimuuliza swali la neno moja, na kwa neno hilo akamjua zaidi kuliko nilivyomjua mimi katika maisha marefu.

Nuru aliporudi nilimwomba afute jibu langu katika safu ya wasichana.

"Niandike nini basi, Babu?"

Nikamwambia amuulize Bi Mwanaidi binti Ali, kwa kuwa mimi sijui. Nilikula nao sahani moja, na sikuwahi kuwauliza.